Kimbunga hakifiki Songwe, kuhara kunafika

Mama mmoja wa Tunduma ameniletea swali ambalo nimeona nilijibu hapa, kwa kuwa najua si lake peke yake. Binti yake anafanya kazi Oman, na alimtumia video ya mtaa uliogeuka mto: magari yanaelea, watu wako juu ya mapaa, na nyuma yao milima mikavu isiyo na hata jani. Mama anauliza, "Daktari, jangwani mafuriko yanatoka wapi? Na mvua za namna hiyo zikija huku kwetu, watoto wataumwa nini?"

Swali la kwanza si la kidaktari, lakini jibu lake ndilo linalofungua la pili, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Kimbunga huzaliwa baharini, juu ya maji yenye joto, na hubeba mvuke mwingi mno. Kikigusa nchi kavu hutua mzigo huo hapo hapo, hakiulizi kama pana msitu au mchanga. Oktoba 3, 2021, kimbunga Shaheen kiliingia pwani ya Batinah, kaskazini mwa Oman, upande ambao ulikuwa haujapigwa na kimbunga tangu 1890. Mji wa Al Khaburah ulipata zaidi ya milimita 300 za mvua kwa muda wa siku moja hivi, katika eneo ambalo kwa mwaka mzima hupata takriban milimita 100. Miaka mitatu kabla ya hapo, Mei 2018, kimbunga Mekunu kilikuwa kimeipiga Salalah kwa namna hiyo hiyo. Na Novemba 22, 2020, kimbunga Gati kilitua Hafun, kaskazini mashariki mwa Somalia, mahali pakame kabisa, kikamwaga kwa siku mbili mvua ambayo wafugaji wa pale wangeingojea mwaka mzima au zaidi.

Watu hudhani ardhi kavu itainywa mvua yote kwa kiu. Ni kinyume. Udongo uliokaa miezi mingi bila maji hushikana ukawa mgumu kama sakafu, mimea ya kuyapunguza maji kasi hakuna, na mvua ikianguka kwa kishindo haipati nafasi ya kuzama. Inateremka yote kwa pamoja bondeni. Oman wanaita wadi lile korongo kavu ambalo siku zote watu hupita na magari na watoto hucheza mpira. Likijaa, hujaa kwa dakika, na mara nyingi mvua yenyewe imenyesha milimani huko mbali wakati pale mlipo jua linawaka. Aprili 14, 2024, mvua kubwa, ambayo haikuwa ya kimbunga, ilijaza korongo huko Samad al-Shan na kusomba gari lililobeba wanafunzi. Watoto wapatao kumi walikufa. Mzazi yeyote ambaye mwanawe anavuka korongo kwenda shule, na Songwe tunao wengi, hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Halafu mvua ya jangwani haibaki jangwani. Mekunu na mwenzake Luban, kilichofuata Oktoba 2018, viliacha unyevu katika jangwa kubwa la Arabuni, nzige wakapata pa kutaga, wakazaliana vizazi juu ya vizazi bila mtu kuwaona. Mwishoni mwa 2019 walikuwa wameingia Kenya. Mkulima wa Afrika Mashariki aliliwa mazao kwa sababu ya mvua iliyonyesha Arabuni mwaka mmoja na nusu nyuma. Nalitaja hili kwa sababu ninapozungumza na wazazi wa Tunduma kuhusu vimbunga huwa naona usoni mwao swali lisilosemwa: bahari iko wapi na sisi tuko wapi?

Korongo la Oman, korongo la Momba

Ni kweli, upepo wa kimbunga hautang'oa bati lako Tunduma. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huishiwa nguvu vikikanyaga nchi kavu, na sisi tuko mamia ya kilometa kutoka pwani. Hata Hidaya, kilichotutisha Mei 2024, kilikuwa kimeshapungua nguvu kilipofika Mafia, ingawa mvua zake ziliwaumiza sana watu wa pwani ya kusini. Lakini msimu wa vimbunga katika upande wetu wa bahari, yaani Novemba hadi Aprili, ndio huo huo msimu wetu wa mvua. Kimbunga kikituama kati ya Msumbiji na Madagaska huweza kuvuta pepo zenye unyevu kutoka Kongo zipite juu ya nyanda zetu za juu, au kikatunyang'anya mvua kabisa. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitaja kimbunga kilichoko huko mbali, mkulima wa Mbozi naye asikilize.

Mkoa wetu una sura mbili. Juu kuna Mbozi na milima ya Ileje, kwenye kahawa, ubaridi na mvua za kutosha. Chini kuna Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na ukame, ambako kuanzia katikati ya mwaka makorongo hukauka hadi watu wanachimba mchanga kutafuta maji. Mto Momba hutoka huku juu ukashuka kule chini, na Ziwa Rukwa halina mto wa kuyatoa maji, yanayoingia yanabaki. Kwa hiyo mtu wa Kamsamba anaweza kuamka asubuhi jua limechomoza vizuri akakuta mto umefura kwa mvua iliyonyesha usiku kule kwa wenzake. Hiyo ndiyo wadi yetu, jina tu ndilo tofauti.

Niseme moja kuhusu kuvuka, kisha niliache. Maji yanayokwenda kasi, yakiwa chini kidogo ya goti la mtu mzima, yanatosha kumwangusha. Yakifika kiunoni kwa mtoto wa darasa la pili, hayo si ya kujaribu. Kama shule iko ng'ambo ya korongo na mlimani kumefunga wingu, mtoto abaki nyumbani. Akiwa tayari shuleni, alale kwa jamaa upande ule. Mwalimu atakuelewa.

Wanaokufa baada ya maji kupungua

Kama daktari, kinachonitia wasiwasi zaidi ni wiki zinazofuata. Tuwatazame majirani zetu. Januari 2022 kimbunga Ana kiliipiga kusini mwa Malawi, Machi kikafuata Gombe. Mwezi huo huo wa Machi mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu akathibitishwa. Mlipuko ulioanzia hapo ulienea wilaya zote 29 za nchi ile, Karonga iliyo jirani na sisi ikiwemo, ukaugua watu zaidi ya 58,000 na kuua zaidi ya 1,700. Haujawahi kutokea mlipuko mbaya kama huo katika historia ya Malawi. Watu wakiwa bado wanazika, Machi 2023 kikaja Freddy, kimbunga kilichoishi siku 36, muda mrefu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, kilichoanzia karibu na Australia na kuvuka bahari nzima.

Upande wa Zambia, mlipuko ulioanza Oktoba 2023 uliwapata watu zaidi ya 23,000 na kuua zaidi ya 700. Huo haukuletwa na kimbunga. Ulichochewa na maji machafu na vyoo vifupi katika mitaa iliyosongamana ya Lusaka, ambako uwanja wa mpira wa Heroes uligeuzwa kituo cha matibabu, na shule nchi nzima zikachelewa kufunguliwa Januari 2024. Jambo lililonisikitisha kama tabibu ni kwamba wengi walifia nyumbani au njiani, kabla hawajafika kituoni.

Sasa tazama ramani. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari. Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili, mtu anakunywa chai huku na kulala kule. Malori ya Lubumbashi, Kitwe na Lusaka hupanga foleni hapa, madereva na mautingo wanakula kwa mama ntilie, wanajisaidia panapopatikana. Ileje nao wanapakana na Malawi, Mto Songwe tu ndio unaowatenganisha, mto ambao huko chini, Kyela na Karonga, hubadili njia yake kila unapofurika. Vimelea vya kipindupindu huweza kukaa tumboni mwa mtu kuanzia saa chache hadi siku tano kabla hajaanza kuharisha. Kwa muda huo dereva ameshatoka Lusaka, amepita Tunduma na yuko Dar es Salaam. Kufunga mpaka hakutatusaidia, na mimi si mmoja wa wanaodai ufungwe. Kinachosaidia ni mgonjwa kujitokeza mapema.

Na hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu ya aibu. Tumewafundisha watu kwa miaka mingi kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa uchafu, matokeo yake familia inaficha, inasema "amekula kitu", jirani asisikie, biashara sokoni isiharibike. Tunduma ni mji ambao watu wengi wananunua maji kwa dumu. Choo cha shimo kikifurika kikaingia kisimani, mama aliyekuwa akifagia uwanja wake kila asubuhi anaugua sawasawa na asiyefagia. Usafi ni muhimu, nitausema baadaye, lakini mgonjwa wa kuhara si mtu wa kuchekwa.

Maji yanayotoka lazima yarudi

Mtoto anayeharisha hauawi na kuhara kwenyewe. Anauawa na maji na chumvi zilizotoka mwilini bila kurudishwa. Kwa kipindupindu kikali, mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Kinyesi kinakuwa cha majimaji meupe kama maji yaliyooshewa mchele, hakina maumivu makubwa ya tumbo, mara nyingi wala homa hakuna. Aliyeanza asubuhi akiwa mzima anaweza kufariki jioni. Lakini huyo huyo akirudishiwa maji kwa wakati anapona. Penye matibabu mazuri, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Sijui ugonjwa mwingine mkubwa ambao tofauti ya kifo na uhai ni nafuu kiasi hiki.

Kwa hiyo anza nyumbani, mara tu unapoona choo cha pili cha majimaji. Usisubiri baba arudi kutoka mjini. Chukua pakiti ya ORS, soma imeandikwa ni ya maji kiasi gani. Nyingi ni lita moja. Pima lita kamili kwa chupa, usikadirie kwa bakuli, kwa sababu dawa nzito kupita kiasi inamdhuru mtoto na nyepesi mno haimsaidii. Kama ORS hakuna, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakikaa siku nzima, yamwage na utengeneze mengine.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe cha chai. Mkubwa kidogo nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, wazazi wengi husema "anakataa dawa" na kuacha. Asiachwe. Ngoja dakika kumi, kisha anza tena kwa kijiko, kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Kazi hii inachosha mikono na inahitaji mtu wa kupokezana, ndiyo maana bibi na shangazi wapo. Anayenyonya aendelee kunyonya, na mara nyingi zaidi. Anayekula apewe uji na chakula chake cha kawaida, kidogo kidogo.

Vidonge vya zinki navyo wengi huvipata kituoni wakavitupa kuhara kukikoma siku ya tatu. Mtoto wa miezi sita na kuendelea humeza miligramu 20 kwa siku, mdogo zaidi miligramu 10, kwa siku kumi hadi kumi na nne, hata kama ameshapona. Siku zile za mwisho ndizo zinazomkinga asirudie miezi inayofuata.

Naomba pia tuzungumze kwa uwazi kuhusu mambo matatu ninayoyakuta kila msimu wa mvua. La kwanza ni kumnyima mtoto maji "ili tumbo lipumzike". Tumbo halipumziki, linaendelea kumwaga, na mtoto anakauka. La pili ni kwenda duka la dawa, la huku au la ng'ambo, kununua Flagyl au dawa ya kufunga kuhara. Flagyl haitibu kipindupindu wala kuhara kwa virusi, na dawa za kufunga kuhara ni hatari kwa watoto. La tatu ni meno. Mtoto wa miezi minane anaota meno, kweli, na katika umri huo huo anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Kinachomharisha ni alichookota, na ukisema "ni meno" unaweza kupoteza siku mbili ambazo hakuwa nazo.

Mpeleke kituoni bila kungoja ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, analegea au hataki kuamka, anatapika kila kitu, ana degedege, au kinyesi kina damu. Kinyesi kikiwa cha maji ya mchele usingoje dalili hizo hata moja, nenda. Na unapokwenda, chupa ya ORS iwe mkononi na mtoto anywe njiani, kwenye bodaboda, kwenye bajaji, popote. Kutoka vijiji vya bondeni hadi kituo cha afya barabara ya matope inaweza kukuchukua saa tatu, na hizo ni saa za matibabu pia.

Yale ya kabla na ya baadaye

Maji ya mafuriko ni mengi na hakuna hata tone la kunywa. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kisitumike mpaka bwana afya akitie dawa. Maji ya matope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa kizito, ndipo uyachemshe yabubujike walau dakika moja au utie kidonge cha klorini na kungoja nusu saa. Ukitia klorini kwenye tope, tope ndilo linaloila dawa. Soma pakiti, kidonge kinachotumika sana kwetu ni cha ndoo ya lita 20. Maji yaliyochemshwa yakikaa kwenye ndoo wazi na kila mtu anachota kwa kikombe chake, kuni zako zimepotea bure. Tumia dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki.

Kuna tabia ya mijini ambayo nataka kuisema kwa jina lake: kutapisha vyoo. Mvua ikianza kunyesha usiku, mtu anafungulia shimo lake kwenye mfereji ili apunguze gharama ya gari la kunyonya. Yule anayeishi chini ya mteremko, mtoto wake atacheza kwenye maji yale asubuhi. Serikali ya mtaa ichukue hatua, lakini wapangaji pia wana midomo, wamwambie mwenye nyumba shimo linyonywe Oktoba, kabla ya mvua.

Malaria huja kwa kuchelewa, ndiyo maana watu hawaiunganishi na mafuriko. Mvua kubwa yenyewe husomba mazalia ya mbu. Ni pale maji yanapotulia kwenye madimbwi, mbu wakazaliwa na wakachukua vimelea, ndipo wiki nne, sita, nane baadaye watoto wa bondeni wanaanza kuchemka. Homa yoyote katika kipindi hicho ipimwe ndani ya saa 24. Wenzetu wa Mbozi juu, ambako malaria si nyingi, wakitoka kuvua au kulima Rukwa wakarudi na homa, wamwambie daktari walikotoka. Chandarua kilichookolewa kwenye matope kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, bado kinafaa.

Na ninyi wagonjwa wangu wa dawa za kila siku. Mvua ikikata barabara, anayeteseka kimya ni mwenye kisukari, presha, kifafa, TB, na anayetumia ARV. Ukisikia tahadhari ya TMA na dawa zako zimebaki za siku tano, nenda kliniki mapema, eleza barabara yenu hukatika, uombe za kutosha. Kadi ya CTC, kadi ya kliniki ya mtoto na dawa zenyewe zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na zikae juu, mahali kila mtu wa nyumbani anapajua, si chini ya godoro. Ukizipoteza, kituo chochote cha CTC kitakupokea, huku au wilaya nyingine, usikae bila dawa kwa kuogopa kufokewa.

Wa insulini wasio na friji huniuliza kila mwaka. Chukua chungu kidogo ukiweke ndani ya chungu kikubwa, katikati jaza mchanga uliolowa, chupa ya insulini iwe ndani ya mfuko uliofungwa usiingie maji, funika kwa kitambaa kibichi, uweke kivulini penye upepo. Lowesha mchanga asubuhi na jioni. Ukiona insulini imeganda vipande au imebadilika rangi, iache.

Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ziandike ukutani kwa mkaa kama huna kalamu, kwa sababu siku ya mafuriko simu yenye namba hizo inaweza kuwa ya jirani. Wiki ijayo nitajibu maswali yenu kuhusu watoto wanaokohoa usiku msimu wa baridi unapoanza Mbozi na Ileje. Waliokwisha kuandika, barua zenu nimezipata.